Injini ya kutafuta kwa bei ya mwanafunzi: tulifikaje hapa?

Mwambie mtu kwamba unataka kutengeneza injini ya kutafuta, na jibu la kwanza litakuwa kicheko. Kichwani mwake anaona Google: majengo yaliyojaa kompyuta, maelfu ya wahandisi, umeme wa kutosha mji mzima. Na hana kosa. Kutafuta ndani ya intaneti yote, kwa lugha zote na kwa nusu sekunde, ni kazi ya kampuni chache sana duniani.

Lakini hebu tuulize kwa namna nyingine. Tuseme unazo nakala za gazeti moja la miaka ishirini, au tasnifu zote za idara yako, au hukumu za mahakama. Unataka mtu aandike maneno mawili, apate kurasa zinazomhusu. Hiyo inagharimu kiasi gani? Kwa upande wa programu, jibu la leo ni sifuri. Na kompyuta ya kawaida inatosha.

Hali hii haikujileta yenyewe. Ina historia ya zaidi ya nusu karne, na wengi walioijenga walikuwa wanafunzi, wakutubi na watu waliokuwa wanatafuta kazi. Inafaa tuifuatilie kwa sababu inatuonyesha wazi ni sehemu gani ya kazi imeshafanywa na wengine, na ni sehemu gani imebaki mikononi mwetu sisi tunaoandika na kusoma Kiswahili.

Ujanja wenyewe ni wa zamani

Injini ya kutafuta haisomi kurasa zote kila unapouliza. Ingekuwa hivyo ungesubiri mpaka kesho. Inachofanya ni kusoma kila kitu mapema, mara moja, na kuandaa faharasa kama ile ya nyuma ya kitabu: neno, halafu orodha ya mahali lilipo.

Chukua hati tatu. Hati ya 1 inasema "bei ya muhogo imepanda". Hati ya 2 inasema "bei ya mafuta imeshuka". Hati ya 3 inasema "ugonjwa wa muhogo". Kwenye faharasa, neno "bei" lina orodha ya 1 na 2. Neno "muhogo" lina 1 na 3. Neno "mafuta" lina 2 peke yake. Mtu akiandika "bei muhogo", mashine inachukua orodha mbili, inaangalia zinakutana wapi, inapata 1. Haikufungua hati hata moja. Injini zote, kubwa kwa ndogo, zimejengwa juu ya ujanja huu.

Na ujanja huu umeitangulia kompyuta kwa karne nyingi. Katika karne ya 13, mjini Paris, watawa Wadominiko wakiongozwa na Hugh wa Saint-Cher waliandaa orodha ya maneno ya Biblia, kila neno likiwa na mahali linapopatikana. Wazo lilikuwa lile lile. Tofauti ni kwamba wao walilipa kwa mikono na macho ya watu wengi, na sisi tunalipa kwa dakika chache za kompyuta.

Neno lipi lisikilizwe?

Faharasa inakuambia hati zipi zina neno lako. Haikuambii ipi ije kwanza. Ukipata hati 4,000 zilizochanganyika, ni kama hukupata kitu.

Miaka ya 1960, Gerard Salton na wanafunzi wake, kwanza Harvard na baadaye Cornell nchini Marekani, walijenga mfumo ulioitwa SMART. Mfumo huo ulipanga hati kwa kadiri zilivyofanana na swali, badala ya kujibu "ndiyo" au "hapana" tu. Halafu mwaka 1972, Karen Spärck Jones, mtafiti wa Cambridge, Uingereza, akachapisha makala yenye wazo moja rahisi mno kiasi kwamba unajiuliza kwa nini halikuja mapema: neno linaloonekana kila mahali halisaidii kutofautisha hati, neno adimu ndilo lenye habari.

Tufanye hesabu yake. Una hati 1,000. Mtu anaandika "ugonjwa wa batobato". Neno "wa" limo katika hati zote 1,000. "Ugonjwa" limo katika 100. "Batobato" limo katika 10. Gawanya jumla ya hati kwa idadi ya hati zenye neno, kisha chukua logi ya jibu. Kwa "wa" ni 1,000 kwa 1,000, yaani 1, na logi yake ni 0. Kwa "ugonjwa" unapata 10, logi 1. Kwa "batobato" unapata 100, logi 2. Mashine haijui Kiswahili wala haijawahi kuona shamba la muhogo, lakini imeshajua kwamba "batobato" ndilo neno la kusikilizwa na "wa" ni la kupuuzwa.

Stephen Robertson na wenzake wa City University, London, waliendeleza fikra hizi mpaka zikazaa fomula inayoitwa BM25, iliyojitokeza mwaka 1994 katika TREC, mfululizo wa majaribio ya wazi ya mifumo ya kutafuta. BM25 inaangalia pia neno limerudiwa mara ngapi ndani ya hati, na hati yenyewe ni ndefu kiasi gani, ili hati ndefu isishinde kwa sababu ya urefu tu. Leo hii ndiyo fomula utakayoikuta ndani ya programu nyingi za kutafuta ukizipakua bila kubadilisha chochote.

Angalia kilichotokea hapa. Fomula hizi zilichapishwa, zikasomwa, zikajaribiwa mbele ya watu. Yeyote mwenye makala na penseli aliweza kuzitumia bila kuomba ruhusa.

Kijana wa Barbados, na matofali ya kuchezea

Mwaka 1990 intaneti ilikuwepo, lakini tovuti kama tunavyozijua leo zilikuwa bado. Mafaili yalikaa kwenye seva za vyuo, na kujua faili gani liko wapi ilikuwa ni kuulizana. Alan Emtage, mzaliwa wa kisiwa cha Barbados, alikuwa mwanafunzi McGill, mjini Montreal, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuwatafutia wenzake programu za bure. Akachoka kutafuta kwa mkono. Akaandika programu fupi za kuingia kwenye seva hizo, kuchukua orodha za majina ya mafaili na kuzihifadhi mahali pamoja. Ukitaka kitu, unatafuta ndani ya orodha badala ya kuzunguka dunia.

Chombo hicho kiliitwa Archie, na kwa kawaida ndicho kinachotajwa kuwa injini ya kwanza ya kutafuta kwenye intaneti. Emtage na wenzake hawakukiwekea hataza. Kilianza kama njia ya mkato ya mfanyakazi mmoja, kikaishia kutumiwa na watu wa nchi nyingi.

Miaka minane baadaye ni zamu ya Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa uzamivu wa Stanford. Makala yao ya 1998 inaeleza Google ya mwanzo iliyokuwa imekusanya kurasa milioni 24. Uzito wa kurasa hizo ulikuwa gigabaiti 147.8, na baada ya kukandamizwa zikawa gigabaiti 53.5. Soma tena namba hiyo: Google nzima ya wakati ule, kurasa zake zote, ingeingia kwenye simu ya kawaida ya leo na nafasi ya picha ikabaki. Baadhi ya diski zao walizifungia ndani ya kasha walilojenga kwa matofali ya plastiki ya kuchezea watoto.

Makala ile ina kiambatisho ambacho watu wachache wanakikumbuka. Waandishi walionya kwamba injini inayoishi kwa matangazo itakuwa na kishawishi cha kuwapendelea wanaotangaza kuliko wanaotafuta. Kisha kampuni ikaanzishwa, pesa ikaja, matangazo yakaja, na namna ya kupanga majibu ikawa siri ya biashara. Kwa mtu wa nje, mlango ulifungwa. Ungeweza kusoma makala za Salton na Spärck Jones, lakini programu kamili inayofanya kazi, ambayo ungeichukua na kuigeuza upendavyo, ungeitoa wapi?

Jina la kati la mke wa mtu

Jibu lilitoka kwa Doug Cutting. Jamaa alikuwa amefanya kazi ya kutafuta maandishi Xerox na Apple, kisha kwenye kampuni ya Excite. Mwaka 1997 hakuwa na uhakika na ajira yake, na alitaka kujifunza lugha ya Java iliyokuwa mpya. Kwa hiyo akakaa nyumbani na kuandika programu ya kutengeneza faharasa. Akaipa jina la kati la mke wake: Lucene.

Wazo la mwanzo lilikuwa labda kuiuza. Biashara ikamshinda hamu, na mwaka 2000 akaiachia kama programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 2001 ikahamia kwenye Apache, taasisi isiyo ya faida inayolea programu za namna hiyo.

Kilichofanya Lucene isambae ni kwamba haikuwa injini kamili. Ilikuwa moyo wa injini tu: unaipa maandishi, inakutengenezea faharasa, unaipa swali, inakurudishia hati kwa mpangilio. Mengine yote, kuanzia kukusanya kurasa hadi sura ya ukurasa wa majibu, ulijenga mwenyewe. Kwa hiyo mtu wa maktaba aliitumia, mtu wa duka la mtandaoni aliitumia, mtu wa barua pepe aliitumia. Mwaka 2004 Yonik Seeley, akiwa kampuni ya CNET, aliivalisha seva, na kazi yake ikatolewa kwa umma mwaka 2006 kwa jina la Solr.

Bili ya Nutch

Cutting akataka kwenda mbali zaidi. Mwaka 2002 yeye na Mike Cafarella walianza mradi wa Nutch: injini kamili ya intaneti nzima, msimbo wazi, kila mtu aone majibu yanapangwaje. Hapa ndipo historia yetu inapokutana na pesa uso kwa uso.

Mwaka 2003 walionyesha mfumo wenye kurasa milioni 100. Safi sana. Lakini walipopiga hesabu ya kurasa bilioni moja, waliona watahitaji vifaa vya takriban dola 500,000, na kila mwezi dola 30,000 za kuviendesha. Kwa kampuni kubwa hizo ni pesa ndogo. Kwa watu wawili wanaotaka kuigawa bure, ni ukuta.

Tena pesa haikuwa tatizo pekee. Kompyuta zikiwa nne unaweza kuzichunga kwa mkono. Zikiwa mia, kila siku kuna moja inayokufa, na kazi iliyokuwa ndani yake inapotea. Ufumbuzi ulitoka mahali pasipotarajiwa: Google wenyewe walichapisha makala mbili, ya 2003 kuhusu kutunza mafaili kwenye kompyuta nyingi za bei ya chini, na ya 2004 kuhusu kugawanya hesabu kubwa kwenye kompyuta hizo. Walitoa maelezo, msimbo wakabaki nao. Cutting na Cafarella wakasoma, wakaandika upya kutoka kwenye maelezo. Mwaka 2006 sehemu hiyo ikatenganishwa na Nutch na kupewa jina la tembo wa kitambaa wa mtoto wa Cutting: Hadoop.

Hadoop ikawa maarufu kuliko mzazi wake, benki na kampuni za simu zikaichukua. Nutch haikuwa Google ya umma. Ukiangalia haraka utasema mradi ulishindwa. Lakini bili yake ilifundisha jambo ambalo ni la thamani kwa mwenye bajeti ndogo: gharama haiko kwenye ujanja wa kutafuta. Iko kwenye ukubwa wa unachokitafuta. Punguza eneo, na bili inaporomoka nalo.

Mapishi, sebule na diski moja

Waliofuata walilielewa hilo, kila mmoja kwa njia yake.

Shay Banon alikuwa London na mke wake, aliyekuwa anasomea upishi. Akataka kumtengenezea chombo cha kutafuta ndani ya mapishi yake. Akaanza na Lucene, akaona ni ngumu kuitumia moja kwa moja, akaandika programu ya kuirahisisha. Kazi hiyo ilizaa nyingine, na mwaka 2010 ikatoka Elasticsearch, ambayo leo iko nyuma ya visanduku vya kutafutia vya tovuti nyingi unazozitembelea bila kujua.

Mwaka 2007 Gil Elbaz alianzisha Common Crawl, shirika lisilo la faida linalotembelea kurasa za intaneti kwa mabilioni na kuziweka wazi kwa yeyote. Kazi iliyokuwa ghali kuliko zote, ya kukusanya, sasa kuna anayeifanya na kuigawa. Unaweza kuchukua kipande chake tu, kwa mfano kurasa za lugha moja, ukaacha zilizobaki.

Mwaka 2021 Viktor Lövgren wa Sweden alitoa Marginalia, injini inayopendelea tovuti ndogo zenye maandishi mengi kuliko matangazo. Aliijenga mtu mmoja, na ikaanza kuhudumia watu kutoka kwenye kompyuta ya kawaida nyumbani kwake. Siri yake ni kuamua nini kisiingie. Hakujaribu kujibu kila swali la dunia.

Na kuna Kiwix, ulioanza 2007, unaokuwezesha kubeba Wikipedia nzima bila intaneti, ya Kiswahili ikiwemo, kwenye diski au simu. Shule isiyo na bando inaweza kutafuta ndani yake, kwa sababu faharasa imesafiri pamoja na makala. Anayefanya kazi ya kutafuta mle ndani ni programu huria nyingine, Xapian, na huyo ana kisa chake.

Huria si ahadi ya milele

Xapian ni mjukuu wa Muscat, mfumo ulioandikwa Cambridge na Martin Porter. Kampuni iliyokuja kuumiliki iliufungua msimbo, kisha mwaka 2001 ikaufunga. Waliokuwa wakiufanyia kazi hawakulia. Walichukua toleo la mwisho lililokuwa wazi na kuendelea nalo kwa jina jipya.

Miaka ishirini baadaye filamu ilijirudia. Januari 2021 kampuni inayomiliki Elasticsearch ilibadilisha leseni, kwa malalamiko kwamba Amazon inauza huduma iliyojengwa juu ya jasho lake. Amazon nayo ikachukua toleo la zamani lililo wazi na kuanzisha OpenSearch. Mwaka 2024 Elasticsearch ikarudisha leseni huria kama chaguo mojawapo.

Kwa mwanafunzi, somo ni la kivitendo. Kabla ya kuchagua chombo, soma leseni yake, na uliza ni nani anaweza kuubadilisha mpango huo usiku wa manane. Lakini pia usiogope kupita kiasi: msimbo ukishaachiwa wazi, toleo lile halirudishwi ndani.

Kinachobaki: lugha yenyewe

Mpaka hapa mambo ni mazuri. Fomula bure, programu bure, hata kurasa zimekusanywa bure. Sasa ziwashe juu ya maandishi ya Kiswahili uone.

Porter yule yule wa Muscat alichapisha mwaka 1980 kanuni fupi za kukata mikia ya maneno ya Kiingereza. Kwenye lugha ile, neno hubadilika zaidi mwishoni, kwa hiyo ukikata mkia unabaki na shina, na maneno ya ukoo mmoja yanakutana. Kanuni hizo na wajukuu zake zimo ndani ya karibu kila programu tuliyoitaja.

Kiswahili kinabadilika mbele, katikati na nyuma. Kitenzi "tafuta" kinaweza kuwa "anatafuta", "walitafuta", "nitakutafuta", "hatukumtafuta", "ametafutwa", "wanatafutiana". Kwa binadamu ni neno moja. Kwa mashine isiyofundishwa, hayo ni maneno sita yasiyojuana, na anayeandika "tafuta" hapati hata moja. Kumbuka pia hesabu ya Spärck Jones: neno likigawanyika vipande sita, kila kipande kinaonekana adimu kuliko kilivyo, na uzito wake unapotoka. Kwa hiyo kosa linaingia mara mbili, kwenye faharasa na kwenye mpangilio.

Utasema basi tukate vichwa badala ya mikia. Tujaribu. Ondoa "ki" na "vi" mwanzoni: "kitabu" na "vitabu" vinakutana, vizuri. Ila sasa vimekutana kwenye "tabu", na msomaji anayetafuta vitabu analetewa shida za watu. Ondoa "m" na "wa": "mtu" na "watu" vinakuwa "tu", neno lililo karibu kila ukurasa, kwa hiyo uzito wake unakuwa karibu sifuri na "mtu" anatoweka kwenye swali. "Wakati" unakuwa "kati". "Walimu" ukiichanganua kama kitenzi unapata "wa-li-mu", halafu hakuna kitenzi. Na "jino" na "meno" havikutani kabisa, hata ukate vipi.

Kulifanya hili vizuri kunahitaji kamusi ya mashina na kanuni za viambishi zinazojua nini kinaweza kufuata nini. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza kazi ya namna hii miaka ya 1980, na mfumo wake wa kuchanganua Kiswahili unaitwa SALAMA. Ilimchukua miaka mingi. Hapo ndipo unapoona gharama halisi: haikuwa vifaa, ilikuwa muda wa mtu anayeijua lugha kwa undani.

Kwa asiye na miaka hiyo kuna njia ya mkato. Usikate neno kwenye viungo vyake. Likate vipande vya herufi tatu tatu. "Tafuta" linatoa taf, afu, fut, uta. "Anatafuta" linatoa ana, nat, ata, taf, afu, fut, uta. Vipande vinne vyote vya neno la kwanza vimo ndani ya la pili, kwa hiyo yanakutana bila mashine kujua sarufi hata kidogo. "Ukuta" nao unachangia "uta", lakini kipande kimoja kati ya vinne hakitoshi kumpandisha juu. Bei yake ni faharasa kubwa zaidi na takataka kidogo kwenye majibu. SQLite, hifadhidata huria iliyomo kwenye mabilioni ya simu, ina uwezo huu ndani yake tangu mwishoni mwa 2020. Siyo suluhisho la mwisho, lakini ni la leo jioni.

Bajeti ya kweli

Tupige hesabu ya mradi mmoja. Una makala 100,000 za Kiswahili, kila moja herufi 3,000 kwa wastani. Hizo ni herufi milioni 300, karibu megabaiti 300. Lucene kwa kawaida hutengeneza faharasa ya asilimia 20 hadi 30 ya maandishi, yaani megabaiti 60 hadi 90. Ukitumia vipande vya herufi tatu itakuwa kubwa zaidi, lakini bado laptopu ya zamani inaibeba bila kuhema. Kama makala ziko kwenye karatasi, Tesseract, programu huria ya kusoma maandishi kutoka kwenye picha, inayo data ya Kiswahili.

Kitakachokula bajeti ni kuskani karatasi, kusahihisha zilizosomwa vibaya, kulipia seva ndogo kila mwezi, na kupata ruhusa ya wenye haki za maandishi. Halafu kuna kazi moja ambayo haionekani kwenye risiti yoyote: kujua kama injini yako inafanya kazi.

Kwa hilo turudi nyuma mara ya mwisho. Miaka ya 1960, mkutubi Cyril Cleverdon wa chuo cha uhandisi wa ndege cha Cranfield, Uingereza, alichoshwa na mabishano kuhusu faharasa ipi ni bora. Akakusanya hati 1,400 na maswali zaidi ya 200, kisha watu wakasema kwa kila swali hati zipi zinafaa. Baada ya hapo mabishano yakawa ya namba. Majaribio ya mifumo ya kutafuta yamefuata mtindo huo mpaka leo, TREC yenyewe ikiwemo.

Kiswahili hakijaachwa nje kabisa. Mwaka 2021 watafiti wa Waterloo, Kanada, walitoa Mr. TyDi, mkusanyo wa namna hiyo wa lugha 11, Kiswahili kikiwa mojawapo, na kipimo chao cha kuanzia kilikuwa BM25 ikiendeshwa na Lucene. Maswali yale yanajibiwa kutoka Wikipedia. Anayetafuta tangazo la bei ya mahindi, hukumu ya kesi ya shamba au tasnifu ya mwaka 1994 anauliza kwa namna nyingine, kwa maneno mengine.

Kwa hiyo kama unafikiria mradi wa namna hii, usianze na seva. Anza na daftari. Kaa na watu watakaoitumia injini, andika maswali hamsini kama wanavyoyatamka wao, na kwa kila swali weka alama kwenye hati sahihi kwa macho yako mwenyewe. Ni wiki mbili za kazi ya kuchosha, na hakuna atakayekupigia makofi. Lakini ukishakuwa na daftari hilo, kila programu tuliyoitaja hapa unaweza kuipima, na utajua ipi inakielewa Kiswahili chako na ipi inakisia.